Hali yangu ya afya si tangazo la mlangoni

Chanjo nimechanjwa, wala sina ugomvi nayo. Anayeshika damu za watu kazini lazima akingwe dhidi ya homa ya ini B, dozi 3 ndani ya miezi 6, hilo halina mjadala. Kinachoniudhi ni ile karatasi ya chanjo iliyobandikwa mlangoni kazini: majina yetu yote, na mbele ya kila jina alama ya vema kwa aliyechanjwa au ya kosa kwa asiyechanjwa. Mwenzetu mmoja ameandikiwa kwa kalamu nyekundu, "ana ruhusa ya daktari", yaani ya kutochanjwa. Basi! Tangu asubuhi watu wanamuuliza anaumwa nini, wengine wanakisia mimba. Nani kawapa haki hiyo? Mwajiri anahitaji kujua kama nimechanjwa na lini. Sababu ya kutochanjwa ni siri ya mtu na daktari wake. Ikibidi ifike kazini, ikae kwenye bahasha iliyofungwa, mbali na faili la kawaida, aione mhusika mmoja tu. Nilipomwomba msimamizi aibandue, akanijibu eti "hapa sote ni ndugu". Ndugu gani anabandika ugonjwa wa nduguye mlangoni? Karatasi bado ipo, kona yake imeshakunjika kwa kuguswaguswa.