Kipilefti si ya kubahatisha leni
Jamani madereva, hivi kipilefti ya leni mbili ina ugumu gani? Unakwenda kulia au unageuza kurudi ulikotoka, shika leni ya kulia tangu hujaingia. Unakwenda kushoto, kaa leni ya kushoto. Basi! Lakini mtu anazunguka na leni ya ndani mpaka mdomoni mwa njia yake, ndipo anakumbuka. Bila indiketa anakata mbele ya bajaji iliyojaa wanafunzi, breki zinalia, na anayepiga honi ni yeye! Inaudhi sana. Ukiipita njia yako, zunguka tena, hakuna anayekufukuza. Na wahusika wapake upya mishale ya barabarani, imefutika kabisa. Mgeni usiku ataijuaje leni yake?