Kampala Ina Milango Miwili

Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya ziliposhika kasi, reli ya kwenda Uganda iling'olewa pale Kibera, Nairobi, malori yakakwama njiani, na mafuta yakaadimika kuanzia Kampala hadi Kigali. Nchi zisizo na bahari zikajua kwa machungu kwamba kuitegemea Mombasa peke yake ni kulala kwa hisani ya jirani.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaouona ushindani wa Mombasa na Dar es Salaam kama ugomvi wa ndugu. Mwenye mzigo anauhitaji. Mwaka 2016 Uganda iliamua bomba lake la mafuta ghafi, kilomita 1,443, liende Chongoleani, Tanga, badala ya Lamu. Kenya iliumia, na ilikuwa na sababu. Mwaka 2012 Mwai Kibaki wa Kenya, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua pamoja mradi wa bandari ya Lamu, na mafuta ndiyo yaliyotarajiwa kuubeba. Meli ya kwanza ilitia nanga huko Mei 2021. Gati tatu zilijengwa kati ya 32 zilizokusudiwa, na miaka ya mwanzo zilikaa bila shehena ya maana.

Hapo wanaozilaumu mbio hizi wana hoja nzito. Deni halisubiri meli. Reli ya kisasa ya Kenya, iliyojengwa kwa mkopo wa China, ilitakiwa ifike mpakani Malaba. Mwaka 2019 ikaishia Naivasha.

Dar es Salaam nayo imeongeza kina cha gati zake, na mwaka 2023, baada ya mabishano makali nchini, sehemu ya bandari ikakabidhiwa DP World, kampuni ya Dubai, kwa miaka 30. Tulibishana sana kuhusu gati. Tunduma, mpakani na Zambia, tukaisahau. Foleni ikikaza pale, malori ya Zambia na Kongo husimama kilomita nyingi. Dereva anasonga ugali kwenye jiko la mkaa ubavuni mwa tela, utingo yuko na dumu anatafuta maji. Kreni mpya bandarini haimsaidii huyu.

Diplomasia nayo ina foleni zake. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi, kujibu Malawi iliyokuwa imezuia mchele, unga, ndizi na tangawizi kutoka nje. Malawi ina vituo vyake vya mizigo Dar es Salaam na Mbeya. Ugomvi wa ndizi ungeweza kufika huko haraka. Viongozi waliwasiliana, na zuio likaondolewa baada ya muda mfupi. Walifanya vema, lakini wenye mizigo waliliona.

Mwenye shaba yake Kolwezi, Kongo, sasa ana reli ya Lobito, inayotoka Atlantiki kupitia Angola na kuungwa mkono na Marekani. Siku anazolala dereva Tunduma atazihesabu moja moja kabla ya kuchagua njia.