Mkono Haujafika Sikio

Nimezaliwa, jamani. Sura ninayo, kitovu ninacho, madeni ninayo. Lakini dirishani wanasema hakuna uthibitisho.

Mimi nataka pasipoti tu, nikafuate mzigo Dubai kama wenzangu wa Kariakoo. Nikaambiwa lete cheti cha kuzaliwa. Cheti chenyewe hakina hata picha! Ukikiokota wewe, tayari umekuwa mimi. Mimi niliyesimama hapa na jasho langu bado si mtu.

Haya, ili nipewe hicho cheti, wanataka ushahidi. Kadi ya kliniki haijawahi kuwepo, nilizaliwa nyumbani, mkunga bibi, mwishoni mwa 1978, wanajeshi wakipanda malori kwenda Kagera kupambana na Amin. Mama hana tarehe, ana malori. Shuleni nako umri ulipimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikishwa darasa la kwanza. Mwaka 1985 nikavuta mpaka bega likalia, wapi! 1986 kidole kikaishia kwenye nywele, mwalimu akasema, "Rudi ukale ugali." 1987 ndipo nikalishika sikio. Mwalimu akatoa miaka saba, akaandika 1 Januari 1980. Ikaingia cheti cha darasa la saba, ikahamia kitambulisho cha taifa. Namba yangu ina tarakimu 20, na nane za mwanzo, yaani tarehe ya kuzaliwa, ni za mkono mfupi.

Nikaambiwa niambatanishe na cheti cha ndugu wa tumbo moja. Mdogo wangu yeye alizaliwa zahanati, kila kitu safi, Machi 1980. Dada wa dirishani akaziweka karatasi mbili pamoja, akaacha kutafuna karanga.

"Kaka, mama yenu alijifungua Januari, akajifungua tena Machi?"

Foleni nzima kimya. Jamaa wa nyuma yangu, mwenye bahasha ya kaki, akadakia: "Labda pacha mmoja alichelewa gari."

Basi, nikale kiapo kwa wakili, nilete barua ya serikali ya mtaa, na mama mwenyewe aje. Barua imeandikwa "Ramadhan", kitambulisho "Ramadhani". Hiyo "i" moja ni kiapo kingine, na hela nyingine.

Leo nimemleta mama kwa bajaji. Dada akamwamkia vizuri tu, akauliza: "Mama, una uhakika huyu ni mwanao?"

Mama akanitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akanitazama tena.