Nipeni baridi yangu, chukueni hilo joto la Januari

Shangazi yangu wa Marangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika mbili za kwanza salamu, ya tatu habari za msiba wa jirani, ya nne ndiyo yenye sumu: "Hivi si ulituambia huko mnaganda? Mbona nimekuona na fulana? Au lile koti tulilokuchangia umeshaliuza?" Halafu kicheko chake kile kinachoanzia kisiginoni.

Picha ni ya kweli, sina pa kujificha. Nilijipiga mwenyewe nje ya nyumba hapa Brooks, Kanada, Alhamisi iliyopita, saa saba mchana, nyuzi 11. Kumi na moja juu ya sifuri, mwezi wa kwanza, Alberta! Jumatatu ya wiki hiyohiyo ilikuwa 27 chini ya sifuri, na gari nilikuwa nimelichomeka kwenye umeme usiku kucha kama simu, ili injini ikubali kuwaka asubuhi. Nikaona hii si ya kuacha. Nikaiweka statasi, nikaringa. Sasa ukoo mzima unaamini nimekuwa nikiwadanganya miaka sita.

Haya, wacha niseme, na shangazi asomewe na wajukuu zake. Baridi ya huku haijawahi kunishinda. Kinachonishinda ni joto lake.

Najua inavyosikika. Mtu uko Dar, umeme umekatika, feni imelala, shati limegandia mgongoni, halafu kuna mchaga mmoja Kanada analalamikia nyuzi 11. Lakini nisikilize. Nyuzi 30 chini ya sifuri ni kama baba mkali: unajua anachotaka na unajua hatabadilisha mawazo. Unavaa suruali mbili, soksi mbili, kofia ya kuziba masikio, unatoka. Theluji kwenye baridi ile ni kavu, inalia chini ya kiatu kama umekanyaga unga wa muhogo, wala huanguki ovyo. Naendesha teksi, kwa hiyo barabara za mji huu nazijua kuliko vidole vyangu. Siku za baridi kali kweli, wateja wangu wananuna, lakini wanapanda na kushuka wakiwa wazima. Balaa huanza siku watu wanapotoka milangoni wakitabasamu.

Kwa sababu siku ya tabasamu theluji inayeyuka. Maji yanatiririka mitaani, watoto wanaruka madimbwi, mzee mmoja wa mtaa wangu anatoa kiti nje na kuota jua kama mjusi. Saa kumi na moja jioni jua linazama. Saa moja usiku maji yale yote yamekuwa kioo, tena kioo kinachochukua rangi ya lami iliyo chini yake, hukioni mpaka uko chali unahesabu nyota. Mimi nilianguka kwenye ngazi zangu mwenyewe, ngazi tatu tu, Ijumaa alfajiri, hata saa ishirini na nne hazijapita tangu ile picha ya fulana. Hiyo sikuiweka statasi. Nimekalia mto tangu siku ile, na abiria wakimwona dereva kakalia mto wa maua wanauliza maswali ambayo sina hamu ya kuyajibu.

Ila mgongo wangu si hoja. Hoja ni mpwa wangu.

Huyu kijana wa dada yangu amefika mwezi wa tisa. Tumempitisha kwenye baridi yake ya kwanza vizuri, akapigwa na ile ya 27, akazoea, akaanza kujiita mwenyeji. Siku hiyohiyo ya nyuzi 11 akaamka, akafungua dirisha, akasema, "Mjomba, leo ni kama nyumbani." Akavaa fulana, juu kajaketi ka mazoezi, chini raba, akaenda kwa miguu kumtembelea rafiki upande wa pili wa mji. Mji wenyewe una watu kama 15,000 tu, upande wa pili si safari. Kwenda alikwenda vizuri. Saa kumi na nusu akaanza kurudi, na upepo ukageuka.

Kama hujawahi kusimama kwenye tambarare hizi upepo ukigeukia kaskazini, sijui nikueleze vipi. Hakuna kilima, hakuna msitu, hakuna kitu cha kuuambia upepo ngoja. Dakika moja hewa imetulia, inayofuata umepigwa kofi. Kijana akajaribu kunipigia, simu ikazima, maana betri nazo haziipendi baridi. Akakimbilia kituo cha mafuta. Bahati nzuri kadi ya teksi yangu iko pale kaunta. Mhudumu akapiga, nami nikadhani ni mteja. Nilipofika nilimkuta amesimama karibu na mashine ya kahawa, mikono kwapani, midomo rangi ya zambarau, na bado, meno yakigongana, akanipa heshima yangu: "Shi-shi-shikamoo mjomba."

Nilicheka. Nyumbani, nilipoona masikio yake, nikaacha kucheka.

Maana historia ya tambarare hizi inatisha, na siku mbaya kupita zote ilianza kama Alhamisi yangu. Tarehe 12 Januari 1888, kule Marekani, Nebraska na Dakota, kulikucha kwa upole. Watu walikuwa wametoka kwenye siku za baridi kali, na asubuhi ile wakapumua. Wakulima wakatoka kwenda kuhudumia mifugo, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Halafu ukaja ukuta kutoka kaskazini. Theluji laini kama unga, upepo wa kutoona mkono wako mwenyewe, joto likiporomoka. Sehemu nyingine ulifika watoto wakiwa ndiyo kwanza wanatoka darasani. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 235 waliokufa, wengi wao watoto waliokuwa njiani kurudi nyumbani. Dhoruba ile mpaka leo inaitwa kwa jina la watoto wa shule. Baridi ya siku zilizotangulia ilikuwapo na watu wale walikuwa hai. Kilichowavua makoti ni asubuhi nzuri.

Sasa kalinganisheni na ushauri tunaopeana. Kijitabu nilichopewa nilipotua nchi hii kilikuwa na kurasa tatu nzima za nyuzi 40 chini ya sifuri (ambapo, kwa taarifa yenu, Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, ndiyo habari pekee iliyonifurahisha mle). Kuhusu siku ya joto katikati ya baridi, hata sentensi moja. Na sisi wenyewe kwenye makundi yetu ya WhatsApp ni walewale. Mgeni akiuliza ajiandae vipi, kila mtu anageuka muuza makoti: nunua la manyoya ya bata, nunua la dola mia nne, usinunue la mtumba. Sawa, akilinunua. Siku ya nyuzi 11 koti la dola mia nne linaning'inia kwenye msumari nyumbani, na mwenye koti yuko kituo cha mafuta anakumbatia mashine ya kahawa. Hakuna anayemwambia kwamba koti lenyewe ni la siku ambayo halihitajiki.

Upepo unaoleta kizaazaa hiki unaitwa chinook, na kwa mtu wa mlimani hauhitaji profesa. Kwetu mawingu yanapanda upande wa kusini wa Kilimanjaro, Machame na Marangu, yanamwaga mvua mpaka migomba inachoka. Ukizunguka upande wa pili, ukishuka kuelekea Amboseli, ni vumbi na tembo. Huku bahari ni Pasifiki na mlima ni safu ya Rockies. Hewa yenye unyevu inapanda upande wa British Columbia, inamwaga mvua na theluji, na ule unyevu unapogeuka maji unaachia joto, kwa hiyo hewa inapanda bila kupoa sana. Ikishavuka imekauka, na ikiteremka kuja huku inaongezeka joto karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja ya kushuka. Bure kabisa, hakuna aliyewasha jiko. Dalili yake unaiona magharibi: wingu limejikunja kama upinde, chini yake anga la buluu limeoshwa. Wenyeji wakiliona wanafurahi. Mimi naenda dukani kununua chumvi ya kumwaga kwenye ngazi.

Tatizo ni kwamba hewa baridi ya kutoka Aktiki haijaondoka, imesogea tu. Ni nzito, imelala chini, inasubiri. Kwa hiyo mji kama huu wetu unakaa mpakani mwa ugomvi wa watu wawili, na leo anashinda huyu, kesho yule. Na wakati mwingine si kesho. Mji mmoja mdogo wa South Dakota unaoitwa Spearfish, tarehe 22 Januari 1943, saa moja na nusu asubuhi, ulikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Dakika mbili baadaye ulikuwa 7 juu. Dakika mbili! Chai haijachemka. Kufika saa tatu umepanda mpaka 12, halafu ndani ya dakika 27 ukarudi kulekule 20 chini ya sifuri, vioo vya madirisha vikapasuka. Na Loma, kule Montana, mwaka 1972, walitoka 48 chini ya sifuri wakafika 9 juu ndani ya siku moja. Tofauti ya nyuzi 57. Kwetu Moshi tofauti ya nyuzi kumi tunaitia kwenye maongezi ya wiki nzima.

Wapo watakaoniambia chinook ni neema. Haya. Bili ya gesi inapumua kidogo. Ng'ombe wanapata nyasi bila kufukua theluji, na wafugaji wa huku wanaupenda kwa hilo, siwezi kuwabishia watu na mifugo yao. Lakini muulize mwenye ngano iliyopandwa kabla ya baridi: ile theluji ilikuwa blanketi lake, upepo umelivua, na baridi inarudi kukuta ngano uchi. Na wapo wanaoumwa kichwa kila upepo huu unapovuma. Mteja wangu mmoja hutabiri kuliko redio.

Nilimweleza shangazi haya yote jana, kwa ujumbe wa sauti wangu mwenyewe, wa dakika sita. Akajibu neno moja: "Ahaa." Ile ahaa ya mtu aliyeamua kwamba koti limeuzwa.

Mpwa wangu masikio yamepona, ngozi inabambuka tu. Nimemwekea sheria moja: koti linatoka nje na yeye, hata kama analibeba begani kama mjinga, na ndani ya gari langu kuna blanketi, koleo na mshumaa kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tano, jua liwake lisiwake. Ananisikiliza kwa heshima ile ya vijana, macho yako dirishani.

Leo utabiri unasema 8 juu, kesho kutwa 23 chini. Magharibi upinde umeshasimama, mzee wa mtaa katoa kiti chake. Simu inaita, mteja yuko nje ya duka la dawa anataka kupelekwa kituo cha basi, safari ya Calgary, kilomita karibu 190. Nikikaribia naliona tangu mbali lile tabasamu. Amevaa kaptula. Miguuni kandambili.