Kapteni Beatty mnamwonea jamani

Baraza yetu ya Mkunguni imegawanyika wiki nzima kisa Kapteni Beatty, yule mkuu wa zimamoto kwenye Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953), ambako zimamoto kazi yao ni kuchoma vitabu, sisi hapa Lamu tungewaita washamoto. Nakala tunayo moja, imezunguka mikono mitano mpaka jalada limeachana na karatasi.

Wengi wanasema huyu mnafiki kuliko wote, asiyejua akichoma ana udhuru, yeye anajua. Sikatai. Anamwambia Montag, kijana wake wa kazi, kwamba vitabu kavisoma kidogo na havisemi kitu, na mdomo huohuo umejaa nukuu. Na yule mama aliyegoma kutoka nyumbani akafa na vitabu vyake, kiberiti alikipiga mwenyewe sawa, lakini mafuta walishayamwaga watu wa Beatty.

Ila rudini kwenye gari, wakirejea kituoni usiku ule. Mama yule wakati wanaingia alitamka maneno ya mshumaa utakaowashwa Uingereza usizimike tena, Montag hajui yametoka wapi. Beatty anayamalizia kwa kichwa, na kuongeza kwamba ni Latimer alimwambia Nicholas Ridley, maaskofu wawili, wakichomwa hai Oxford kwa imani yao tarehe 16 Oktoba 1555. Tarehe! Mi hiyo tarehe nimekaa nayo siku tatu. Jina unaweza kulidaka popote, mji pia, lakini siku ya mwezi ya watu waliokufa karne nne nyuma haikai kichwani mwa mtu hivihivi, inakaa kwa aliyeurudia ukurasa na kuurudia, kama mabibi zetu na Utendi wa Mwana Kupona, mguse usingizini akuendelezee ubeti. Na dereva, kwa kusikiliza, akapitiliza kona ya kituo.

Halafu kuna ile ya saa 24. Beatty anasema kila zimamoto lazima siku moja awashwe na hamu ya kusoma, basi wanamwachia kitabu siku nzima, asipokichoma mwenyewe wanakuja kumchomea. Kila zimamoto, kasema. Na yeye je?

Bradbury mwenyewe nadhani lilimkera hili, maana baadaye alipoigeuza hadithi kuwa tamthilia alimpa Beatty maktaba nyumbani, rafu zimejaa na hazisomi. Anaeleza kwamba alivipenda vitabu, yakaja ya dunia, misiba na mapenzi yaliyoharibika, akavifungua apate la kumshika mkono akakuta kurasa tupu. Hapo ndo alinishika. Mwaka ule baba yuko kitandani nilifungua sanduku la vitabu vya babu, mchwa na unyevu wa bahari washatangulia, karatasi zinamomonyoka vidoleni, nikalibamiza nikasema vya nini hivi. Sikuchoma, lakini hasira ile naijua.

Na wale wazururaji wa mwishoni wanaobeba kitabu kichwani kwa kukikariri tunawapenda wote, Beatty kabeba rafu nzima tunamtukana. Kafa akimtupia maneno ya Shakespeare Montag huyohuyo aliyemwelekezea bomba la moto, hata kukwepa hakukwepa, mpaka Montag mwenyewe baadaye akang'amua kwamba bosi wake alitaka kufa.

Mzee mmoja wa baraza kanijibu, anayetaka kufa asianze kwa kuwachoma wenziwe. Jibu zuri sina. Kitabu kimerudi zamu yangu, naanzia tena pale kwenye gari.