Siku niliyokataa kutoa elfu thelathini ya fundi

Pikipiki yangu Boxer, shokapu ya mbele ya kushoto ilikuwa inavuja oili kama miezi miwili hivi, ukifunga breki mbele kunazama kama mtu anasujudu, halafu lile bomba la chromu limelowa na mchanga wa Mbagala umeganda juu yake. Nikampelekea fundi pale Rangi Tatu, akaangalia sekunde tatu tu, "sili zimekufa kaka, elfu thelathini ufundi, sili na oili unaleta mwenyewe." Elfu thelathini kwa kipete cha mpira cha kuzuia oili! Nikamwambia ngoja nikatoe hela kwa wakala, nikapotelea huko huko.

Usiku nikaangalia video ya Mhindi mmoja, anachosema sikielewi ila mikono yake naielewa vizuri sana, jamaa kafungua kafunga dakika kumi na mbili. Nikasema kwani mimi nimepungukiwa nini.

Jumapili asubuhi uani, kreti la soda chini ya injini, taili nje, shokapu zote mbili nikazichomoa. Sasa kumbe ile nati ya juu unatakiwa uilegeze wakati shokapu bado imebanwa kwenye pikipiki, ukishaichomoa bomba linazunguka tu huna pa kulishika. Basi shemeji yangu akaikumbatia shokapu, mimi na spana, tunazungukana uani kama tunacheza mdundiko. Nati ikaanza kulegea, na mimi kwa akili zangu nikainama nione ndani kuna nini. Ndani kuna springi ndefu kama mkono, imebanwa na hiyo hiyo nati. Video nadhani ilisema, kwa Kihindi.

PAAA! Nati ikapita sikioni, ikagonga bati, ikashukia kwenye beseni la mama mwenye nyumba aliyekuwa anakanda unga wa maandazi. Oili nyeusi, inanuka kama dagaa wa wiki iliyopita, yote kwenye fulana yangu na nusu ya usoni kwa shem. Mama akaitoa nati kwa vidole viwili, akaifuta unga taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kodi umelipa mpaka mwezi gani?"

Hapo ningeacha. Sikuacha.

Kule chini kuna bolti ya alenki, ukiizungusha na kile kibomba cha ndani nacho kinazunguka, mnaweza kukesha. Yule Mhindi alishindilia mti mrefu kutokea juu ukakishika. Mti mrefu uliokuwepo ni mpini wa dekio la mke wangu, nikauchonga ncha, nikaugonga na nyundo, bolti ikatoka kama siagi. Nilijisikia injinia jamani, nikaita mpaka watoto waje waone.

Sili mpya nazo zina upande, upande mmoja una kispringi chembamba kimezunguka. Mimi nikakiweka kiangalie juu ili kisilowe oili kikapata kutu (msicheke, saa hiyo ilileta maana). Oili nikapimia chupa ya mtoto ya kunyonyea maana ina mistari. Wakati wa kukaza ile bolti ya chini nikarudisha mpini, kaza, kaza, kah! mpini ukakatikia ndani. Nikageuza shokapu, nikatikisa, haukutoka. Nikajipa moyo, mti si huelea, utakaa zake juu huko. Nikafunga.

Nikatoka kujaribu. Mbele kumekuwa kugumu kama naendesha mchi, tuta la kwanza tu meno yamegongana, la pili nimeuma ulimi, kuangalia chini shokapu zote mbili zinalia. Mwanzo ilikuwa inavuja moja.

Nikaikokota mpaka Rangi Tatu, jua la saa nane, na yule fundi yupo pale pale anakunywa kahawa. "Kaka, kwa wakala kulikuwa na foleni?"

Akafungua. Sili ya kwanza akaicheki, akanitazama, akaicheki tena, "hii umevaa suruali nyuma mbele, hako kaspringi kanatakiwa kaangalie oili ndo mdomo ubane." Ya pili vile vile. Akaja kwenye kile kibomba, akapuliza, hakipitishi, akasema ndo maana mbele pamekuwa jiwe, oili inatakiwa ipande humu na njia imezibwa. Akachukua koleo, akavuta taratibu, vijana wote wa kijiweni wameshasogea. Kikatoka kipande cha mti kama kidole, bado kina rangi ya bluu ya dekio.

Akakigeuza geuza kwenye mwanga. "Kaka, hii spea umenunua duka gani? Maana sisi hatujawahi kuiona."

Nikalipa elfu arobaini na tano. Nimerudi nyumbani, mke wangu kasimama mlangoni kashika dekio fupi kama mwiko.