Mkataba wa Kaskazi, Kodi ya Kusi

Ukipita Barabara ya Lamu hapa Malindi mwezi wa Mei, mvua inanyesha na kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, utakuta hoteli zimefunga, tuktuk zimepanga foleni bila abiria na mama wa viazi karai amekunja meza mapema. Sisi tumezaliwa tukiuona mwezi huo. Kila mwaka biashara ya mji huu hulala, kisha ikaamka. Ndiyo maana huniuma nikiona wenzangu wenye ofisi za pamoja wanatia saini mikataba mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na mji umejaa wageni, kana kwamba Mei haipo.

Biashara yenyewe ni hii: unakodi nyumba, unatia meza, viti, intaneti ya kutegemewa na umeme usiozimika, kisha unawakodisha watu meza kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Mtu anakuja na kompyuta yake, anafanya kazi zake, anaondoka. Ni kazi nzuri na naipenda. Lakini mteja ameahidi siku moja, nawe umemwahidi mwenye nyumba miaka. Uchumi ukiyumba, yeye atafanyia kazi mezani kwake nyumbani. Kodi yako haipungui hata shilingi.

Tufanye hesabu. Tuseme una meza 20, kila moja shilingi 6,000 kwa mwezi. Zikijaa unapata 120,000. Kodi ni 50,000. Intaneti, umeme, mlinzi na mhudumu ni 45,000 nyingine. Unabaki na 25,000 na unajiona umefika. Sasa zikaliwe meza 12 tu: zinaingia 72,000, zinatakiwa 95,000, na kila mwezi unatoa 23,000 mfukoni. Meza 16 ndizo zinazokubeba, karibu bila faida. Kila mwenye ofisi ya pamoja anapaswa kuijua namba yake hiyo kama anavyolijua jina la mamake, na wengi niliowauliza hawaijui.

Wakubwa nao walikwama hapo hapo. WeWork, kampuni ya ofisi za pamoja ya Marekani, ilipojaribu kuuza hisa zake hadharani mwaka 2019, hati zake zilionyesha imejifunga kulipa kodi za pango za dola bilioni 47 kwa miaka iliyokuwa mbele, na wateja wake wengi walikuwa wa muda mfupi. Mauzo yale hayakufanyika. Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Mimi somo langu lilikuja 2020. Wateja wangu wengi walikuwa Waitaliano wa msimu na watu wa Nairobi. Machi hiyo Italia ilifungwa, Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa, na mwanzoni mwa Aprili kaunti yetu nzima ya Kilifi ikawekewa vizuizi, haingii mtu wala hatoki. Meza tupu ningezistahimili. Kilichonivunja ni watu watano waliokuwa wamenilipa mwaka mzima tangu Januari. Fedha zao nilikuwa nimenunulia viti na viyoyozi. Walipozidai walikuwa na haki, nami sikuwa nazo. Nililipa kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata, na mmoja hajanisalimia tena. Tangu hapo, fedha ya mwezi ambao haujafika siigusi. Inakaa akaunti yake peke yake, mwezi ukiisha nahamisha sehemu ya mwezi huo. Amana za wateja vivyo hivyo. Si mali yangu, ni dhamana.

Ukinishika nikuambie jambo moja tu la kufanya kabla hali haijaharibika, nitasema: soma mkataba wa pango. Kenya tuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, nayo inawagusa pia watoa huduma za kulipiwa. Pango lisiloandikwa, au lililoandikwa la miaka 5 kushuka chini, linalindwa: mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kukutoa bila notisi ya kisheria, na ukipinga, shauri linakwenda mbele ya baraza la wapangaji. Mkataba mrefu zaidi wenye kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 nao unaingia humo. Ndiyo sababu utaletewa karatasi ya miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi 3 haikuongezwa kwa bahati, inakutoa nje ya ulinzi huo, na mwezi wa Januari, mifuko imejaa, hakuna anayeiuliza.

Nilipotaka kupanga upya, nilimwendea mwenye nyumba, mzee wa Shela, nikamfungulia daftari langu lote. Nikamwomba kodi ipande kaskazi na ishuke kusi, jumla ya mwaka ibaki ile ile. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mwanangu, nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa." Akakubali. Nilikuwa nimemwogopa miaka minne bure.

Jingine ni nani anakalia zile meza 16. Naamini ni lazima wawe wenyeji: wakili anayetaka mahali patulivu pa kusikilizia kesi kwa mtandao, jambo lililoenea tangu 2020, mhasibu wa maduka matatu, kijana anayeandika sauti kuwa maandishi kwa kampuni za ng'ambo, ambaye nyumbani kwao kuna watu tisa na tokeni za umeme huisha saa mbili usiku. Mgeni akija ni faida. Ila mwenyeji hawezi kulipa bei ya mgeni, kwa hiyo ninauza nusu siku, na ninauza saa za baada ya Magharibi. Bei ya meza yenyewe sishushi. Ukiishusha Mei, Desemba hutaipandisha bila kugombana.

Gharama nakata kwenye ubaridi. Nimezima viyoyozi viwili, nimefungua madirisha ya upande wa bahari, nimetundika mapangaboi. Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na upepo ukapewa njia. Hatuna sababu ya kuilipia dizeli ya jenereta kazi hiyo, hasa tangu kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Intaneti sikati. Nyaya za intaneti za baharini zilipokatika Mei 2024, waliokuwa na njia moja tu ya mtandao walifunga mlango.

Mhudumu wangu na mlinzi pia siwaachishi kusi. Majahazi hupandishwa pwani wakati huo yakatiwa kalafati kuziba nyufa, nasi hupaka rangi, hukaza meza, hufuta chumvi kwenye soketi. Mishahara yao ya miezi mitatu huitenga Februari, kabla sijajilipa mimi.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Nimeandika kipengele kipya: mji ukifungwa tena kwa amri ya serikali, nalipa nusu, na kilichobaki nakilipa kwa miezi 12. Kesho baada ya Alasiri nampelekea mzee.